Je, ng'ombe anaweza kufundishwa kiu ya ngamia?

"Daktari, salaam. Nilistaafu jeshini nikarudi nyumbani Moroto, hapa Karamoja, Uganda, upande wa Rupa. Nina ng'ombe kumi na wawili, mbuzi kadhaa na punda mmoja. Kila kiangazi tunaswaga mifugo yote hadi bwawa la Kobebe, mwendo wa nusu siku, na tunanywesha kila baada ya siku moja. Februari iliyopita ndama wawili walifika pale wakanywa kupita kiasi, na kabla jua halijazama walikuwa wanakojoa mkojo mwekundu kama chai ya rangi. Mmoja alikufa. Majirani wanasema ndama hawakuzoezwa: nipunguze maji, mifugo ijifunze kuvumilia kama wanyama wa jangwani. Kijana wangu anataka tuuze ng'ombe sita tununue ngamia, kwa sababu ngamia ana tangi la maji kwenye nundu. Mama watoto naye anasema kandokando ya mto mkavu kuna miti ya miiba inayobaki kijani hata Januari, kwa hiyo maji yako chini yake, tuchimbe. Nani kati yao yuko sahihi?"

Afande, pole sana kwa ndama. Umeuliza swali moja lenye maswali manne ndani yake. Kila mmoja hapo nyumbani ameshika kipande cha ukweli, ila majirani ndio walioshika kile chenye hatari. Nianze na ndama, maana mengine yanaweza kungoja mvua.

Kiu ya siku mbili, safari juani, kunywa kwa pupa, kisha mkojo mwekundu siku ileile: haya yote yanaelekeza kwenye jambo ambalo sisi madaktari wa mifugo tunalifahamu vizuri. Ndama wako walizidiwa na maji. Mnyama akikaa bila kunywa, damu yake inakolea chumvi, na chembe nyekundu za damu nazo zinazoea ukolezi huo. Akifika bwawani akanywa bila kuinua kichwa, maji yanapita tumboni na kuingia kwenye damu haraka kuliko figo zinavyoweza kuyatoa. Damu inazimuliwa ghafla. Kwa kawaida maji huvutwa palipo na chumvi nyingi zaidi, basi yanaingia ndani ya zile chembe, zinavimba, zinapasuka, na rangi yake inatoka na mkojo. Ubongo pia huvimba, ndiyo maana ndama mwingine hupepesuka, hutetemeka, huanguka akirusha miguu, na kufa. Ng'ombe mkubwa mara nyingi huponea kwa sababu tumbo lake la kwanza ni pipa linaloshika maji na kuyaachilia taratibu. La ndama bado halijakomaa. Kwa hiyo ukimwongezea ndama kiu ili azoee, unamwandalia ajali ileile, na safari hii kubwa zaidi.

Hata hivyo sijamwona ndama wako kwa macho, na mkojo mwekundu una sababu zaidi ya moja. Kuna ugonjwa wa kupe unaopasua chembe za damu na kutoa mkojo wa rangi hiyohiyo, na kuna homa ya bakteria ambayo binadamu pia huipata kwa kugusa mkojo wa mnyama mgonjwa. Tofauti unayoweza kuiona mwenyewe ni hii: mkojo wa ndama aliyezidiwa na maji hubadilika saa chache baada ya kunywa, naye kwa kawaida hana homa. Ugonjwa wa kupe huja na homa kali, mnyama anaacha kula, ufizi unapauka, anadhoofika siku hadi siku. Kwa vyovyote vile, ukiona mkojo mwekundu tena usisubiri jioni. Mtenge mnyama, mwondoe kwenye maji, mlaze kivulini, usiguse mkojo kwa mikono mitupu, na umwite daktari wa mifugo wa kaunti ndogo yako aje na kipimajoto. Mwambie mnyama alikunywa lini mara ya mwisho na alikunywa kiasi gani. Habari hiyo inaokoa muda kuliko dawa yoyote utakayokuwa umeshika. Dawa ya ugonjwa wa kupe haimsaidii ndama aliyezidiwa na maji, na huyu wa maji anaweza kuhitaji dripu maalumu yenye chumvi nyingi, kitu ambacho si cha kujaribu nyumbani. Akifa, nyama yake isiliwe mpaka sababu ijulikane.

Sasa ngamia. Kijana wako ana haki ya kumstaajabia, kwa sababu hicho kilichomuua ndama wako ngamia hukifanya kila mara anapofika kisimani. Ngamia aliyekaa na kiu kwa siku nyingi hunywa lita zaidi ya 100 kwa dakika kumi hivi, kisha anaondoka zake. Chembe zake nyekundu hazikuumbwa kwa duara kama zetu na za ng'ombe. Zina umbo la yai, na zinaweza kutanuka zaidi ya mara mbili ya ukubwa wake kabla ya kupasuka. Isitoshe, tumbo lake huachilia maji kuingia mwilini kidogo kidogo. Hapo hakuna mazoezi, ni maumbile. Huwezi kumpa ndama chembe za damu za ngamia kwa kumnyima ndoo ya maji.

Lakini tangi la kwenye nundu halipo. Nundu ni mafuta matupu. Hata ng'ombe wako wa Kikaramoja wana nundu mabegani, mbona hakuna anayesema wamebeba maji? Wenye kutetea tangi hilo husema mafuta yakichomwa mwilini hutoa maji, na ni kweli: kilo moja ya mafuta hutoa maji yanayozidi lita moja kidogo. Ila ili kuyachoma mafuta hayo ngamia lazima avute hewa nyingi, na kila pumzi anayoitoa katika hewa kavu inaondoka na mvuke. Ukipiga hesabu, alichopata kimetoka puani. Nundu ni ghala la chakula cha njaa. Faida yake nyingine ni kwamba mafuta yamerundikwa mahali pamoja, hayakutandazwa chini ya ngozi yote, hivyo joto la mwili linapata pa kutokea.

Siri yenyewe ilipimwa na mtaalamu aitwaye Knut Schmidt-Nielsen, aliyekwenda na wenzake kwenye jangwa la Sahara, huko Algeria, mwaka 1953 na 1954, akakaa na ngamia na punda akiwapima uzito, mkojo na joto. Alichokikuta ni kwamba ngamia hana akiba kubwa ya maji kuliko wengine; anachojua ni kutopoteza. Mwili ni kama duka: mwenye mauzo madogo anaweza kudumu miaka akibana matumizi, na mwenye mauzo makubwa akafunga kwa kuvujisha. Mnyama anapoteza maji kwa pumzi, kwa jasho, kwa mkojo, kwa kinyesi na, kama ananyonyesha, kwa maziwa. Mnyama wa jangwani amebana kila upande.

Tazama kinyesi, jambo ambalo unaweza kulithibitisha wewe mwenyewe siku ukikutana na ngamia wa Wapokot au wa Waturkana. Ng'ombe akiachia samadi, inatandaa chini na kurushia tope hata miguu yake. Karibu robo tatu au zaidi ya uzito wake ni maji. Cha ngamia mwenye kiu ni vidonge vigumu. Kiokote kingali kipya, kisugue kwa kidole: kidole hakilowi. Maji ndani yake ni chini ya nusu ya uzito, na ukikiweka motoni baada ya muda mfupi kinashika. Mkojo wake nao ni mchache na mzito, kwa kuwa figo zake zinaweza kuukoleza mara mbili hivi kuliko figo za binadamu.

Halafu kuna joto. Wewe na mimi joto la mwili likipanda kidogo tu tunatoka jasho. Ngamia mwenye kiu huamka asubuhi akiwa na nyuzi 34 hivi, na huuacha mwili wake upate moto mchana kutwa hadi kupita nyuzi 40 ndipo aanze kutoka jasho kwa wingi. Joto hilo alilolilimbikiza hulitoa usiku, bure, kwenye hewa ya baridi. Kwa ngamia wa kilo 500, mpango huo unamwokolea lita zaidi ya nne za jasho kwa siku moja. Manyoya ya mgongoni pia yanafanya kazi yake: katika vipimo vya Algeria, ngamia aliyenyolewa alipoteza maji nusu zaidi ya yule aliyeachiwa manyoya yake. Na usiku pua yake hupoza pumzi inayotoka, mvuke ukabaki kwenye ngozi ya ndani ya pua badala ya kupotea, ukamrudia.

Akikosa maji kabisa anaweza kupungua hadi robo ya uzito wake na bado akatembea. Wanyama wengi hawavuki asilimia 15 kwenye joto kali: damu inakuwa nzito, moyo unashindwa kuisukuma hadi kwenye ngozi ikapoe, joto linapanda kwa ghafla, basi. Kwa ngamia maji yanayopungua hutoka zaidi kwenye tumbo na nyama, damu yenyewe ikabaki nyepesi kiasi cha kuzunguka. Nikuongezee jambo ambalo wengi hawalijui: punda wako anakaribia kiwango hicho. Anaweza kupungua sana kwa kiu, kisha akarudisha karibu yote kwa dakika chache akipata maji. Tunamdharau tu kwa sababu anapiga kelele.

Wanyama wengine wana njia zao. Panya mmoja wa majangwa ya Marekani anaishi bila kunywa kabisa, akila mbegu kavu na kutegemea maji yanayotengenezwa na mwili wake wakati wa kuichoma hiyo mbegu. Mwili ni mdogo, anashinda shimoni kwenye hewa yenye unyevu, na mkojo wake ni kama uji mzito, ndiyo maana hesabu yake inakubali pale ilipokataa kwa ngamia. Kwenye jangwa la Namib kuna mbawakawa anayepanda juu ya kilima cha mchanga ukungu ukiingia kutoka baharini, anasimama kichwa chini, na matone yanatiririka mgongoni hadi mdomoni.

Wawili ningependa uwajue zaidi, maana mmoja alikuwa jirani yako na mwingine bado yuko. Wa kwanza ni choroa, yule swala mkubwa mwenye pembe ndefu zilizonyooka, ambaye zamani alikuwepo Karamoja na sasa ametoweka Uganda. Wataalamu waliomchunguza Kenya miaka ya 1960 walishangaa jinsi anavyoishi kwa kula vichaka ambavyo mchana majani yake yalikuwa makavu kiasi cha kuvunjikavunjika mkononi, maji yakiwa asilimia moja hivi. Wakayapima majani yaleyale usiku wa manane: asilimia 40. Majani yalikuwa yamefyonza unyevu wa hewa ya usiku. Choroa akila usiku, anakula na kunywa kwa pamoja. Pofu wa mbuga ya Kidepo naye hujificha kivulini mchana na kupata maji mengi kwenye majani ya migunga. Digidigi hivyohivyo, ni nadra umwone bwawani.

Wa pili ni firigogo. Ukiwa Kobebe asubuhi utawaona wakija kwa makundi, ndege wa rangi ya udongo wenye ukubwa wa njiwa, wanatua mbali kidogo na maji kisha wanasogea kwa hatua fupi fupi. Mtazame dume mwenye makinda. Kwanza anasugua tumbo kwenye mchanga ili kuondoa mafuta ya manyoya. Kisha anaingia majini hadi tumboni, anajitikisa juu na chini kwa dakika nzima, wakati mwingine zaidi. Manyoya yake ya tumbo yameumbwa kwa nyuzi zilizojikunja ambazo hunyooka zikilowa na kushika maji, vijiko kadhaa vya chai. Anaruka nayo kilomita nyingi hadi kwenye makinda, anasimama wima, na makinda wanayanyonya manyoya kwa midomo. Huyu ndege hawapeleki wadogo kwenye maji. Anawapelekea.

Nadhani umeshaona ninakokwenda. Ndama wako wasifike Kobebe. Una punda. Wakati ng'ombe wakubwa wanakwenda bwawani, punda arudi na madumu manne ya lita 20, na ndama wabaki nyumbani kivulini wakipewa maji kidogo kidogo, asubuhi na jioni, kila siku. Ndama mdogo hamalizi hata dumu moja kwa siku. Kama umelazimika kumswaga ndama safari ndefu, basi akifika asiachiwe bwawa lote: mpe lita moja au mbili kwenye karai, mpumzishe kivulini, mpe tena, na endelea hivyo mpaka pupa imwishe. Ni kazi ya kuchosha, na mchungaji mwenyewe ana kiu, najua. Lakini ndama aliyekufa alikugharimu zaidi.

Kuhusu ng'ombe wakubwa, majirani hawakukosea kabisa. Ng'ombe wa nundu wa kwetu ni tofauti na wale wa maziwa wa kigeni: anatumia maji kidogo zaidi, kinyesi chake kinakauka zaidi akibanwa, na anavumilia joto. Waborana wa kusini mwa Ethiopia hunywesha ng'ombe wao kila siku ya tatu wakati wa kiangazi, na mifugo inaishi. Ila tazama wanacholipa. Ng'ombe asiyekunywa anapunguza kula, kwa sababu chakula kikavu hakisagiki tumboni bila mate na maji. Maziwa yanashuka. Uzito unashuka. Faida yake ni kwamba siku isiyo ya kunywa anaweza kwenda mbali kutafuta malisho mazuri, badala ya kutembea kila siku njia moja iliyokwisha kuliwa hadi udongo. Ndiyo maana wafugaji walifika kwenye mpango huo. Hawakuwa wanafundisha ng'ombe kiu. Walikuwa wanabadilishana maji kwa majani. Figo na utumbo hujirekebisha kwa siku chache, zikifika kikomo chake basi, hakuna mazoezi yatakayokisogeza. Uvumilivu uliouona kwa ng'ombe wa Karamoja ni wa vizazi: wasioweza walikufa zamani, waliobaki wakazaa.

Kwa hiyo mpango wako wa kunywesha kila baada ya siku moja unafaa kwa madume, mitamba mikubwa na ng'ombe wasio na maziwa. Usiurefushe kwa wanaonyonyesha, wala kwa ng'ombe aliyechanganywa damu na wa kigeni kama unaye. Njia ya kupima ni rahisi: bana ngozi ya shingo kwa vidole viwili, uivute, uiachie. Ya mnyama mwenye maji ya kutosha inarudi papo hapo. Ikibaki imesimama kwa sekunde kadhaa, na macho yamezama ndani, umechelewa. Mnyweshe kwa vipindi, na kama hasimami au hataki kunywa, hiyo ni kazi ya daktari.

Badala ya kuwapunguzia maji yanayoingia, wapunguzie yanayotoka. Fanya kwa mikono yale ambayo ngamia anafanya kwa mwili. Wachunge alfajiri na mapema asubuhi, wakati majani yana unyevu, kama choroa. Usiku kungekuwa bora zaidi, lakini sitakushauri hivyo mahali penye fisi na wizi wa mifugo. Saa tano hadi saa tisa wawe kivulini, hata kama ni kivuli cha banda la fito na nyasi. Safari ya Kobebe ianze gizani gizani ili mfike kabla jua halijakaza, mpumzike huko mchana, mrudi jua likishuka. Anayetembea kilomita zilezile saa nane mchana anamwaga maji njiani kwa pumzi na jasho, kisha mnayafuata tena maji hayohayo kesho kutwa.

Na ngamia mnunue? Tofauti na watu wengi wa ofisini, mimi siwakatazi. Kwa kiangazi kirefu ngamia jike ataendelea kutoa maziwa wakati ng'ombe wameshakauka, anakula majani ya juu na miiba ambayo ng'ombe haigusi, na anaweza kukaa wiki nzima bila kunywa. Lakini mimba yake ni miezi 13 hivi, huzaa kila baada ya miaka miwili au zaidi, na ndama wake hufa kwa wingi mikononi mwa asiyemjua. Anapata ugonjwa wa damu unaoletwa na nzi wanaouma, anapata ukurutu unaomla ngozi yote, anahitaji chumvi nyingi, na kwenye matope anateleza na kuvunjika. Kuuza ng'ombe sita kwa mkupuo ni kubahatisha. Ukiniuliza, kwanza ongeza mbuzi, maana wanakunywa lita chache tu kwa siku na wanakula majani ya vichaka. Kisha, kama moyo wa kijana bado uko kwa ngamia, mtume akakae na wafugaji wa Kipokot kule Amudat msimu mmoja wa kiangazi na mmoja wa mvua. Akirudi bado anawataka, nunueni majike wawili. Kabla ya kulipa, daktari awapime damu. Hilo la damu usiliruke hata kama muuzaji ni rafiki.

Nimemwacha mama watoto mwisho kwa sababu swali lake ndilo zuri kuliko yote, ingawa jibu lake litamvunja moyo kidogo. Mti wa kijani Januari unasema kweli: kuna maji mahali fulani. Hausemi yako umbali gani. Mizizi ya mti wa jamii ya mgunga iliwahi kukutwa katika shimo la mgodi karibu na Tucson, Marekani, ikiwa mita 53 chini ya ardhi, na huko Kalahari umepatikana mzizi uliofika mita 68. Mjunju, ule mnaouita ekorete, una majani na matunda wakati wa ukame kwa sababu hiyohiyo, pamoja na majani madogo magumu yenye nta yasiyotoa mvuke ovyo. Ukichimba kwa jembe chini ya mti wa namna hiyo unaweza kuchimba hadi mvua ije.

Mimea mingine ni kijani bila kufikia maji yoyote. Mshubiri, mkonge mwitu na ule mti mkubwa wa utomvu uliosimama kama kinara cha mishumaa hunywa mvua ikinyesha, huweka maji kwenye nyama yake, na hufunga vitundu vya kupumulia mchana kutwa. Huvifungua usiku, wakati hewa ni baridi, huvuta hewa inayoihitaji na kuiweka mpaka jua litoke iitumie. Chini yake hakuna kisima. Wala usidanganyike kukata kinara hicho upate cha kunywa: mmea unaotunza maji katikati ya wanyama wenye kiu hauwezi kuyaacha bila ulinzi, na ulinzi wa huu ni utomvu mweupe unaochoma koo na unaoweza kupofusha jicho.

Mti wa kuutafuta ni mkuyu. Huo ukikua mnene kandokando ya mto mkavu, kwa kawaida maji hayako mbali sana. Lakini kabla ya mti, angalia mchanga wenyewe. Mto mkavu wenye mchanga mnene ni ghala: mvua ikipita, maji yanabaki katikati ya chembe za mchanga, na ukishuka sentimita 60 hivi jua haliwezi tena kuyanyonya sana. Tembo wa Kidepo wanalijua hilo. Huchimba mchanga wa mto kwa mguu na mkonga, wananywa, na nyani na ndege wanakuja nyuma yao. Tembea kando ya mto wenu mtafute mahali mwamba unapokatiza mto, kisha mpime upande wa juu wa mwamba huo, ambako mwamba umezuia maji yasishuke. Chukueni nondo ndefu iliyokatwa vijino pembeni, igongeni mchangani, ivuteni: mchanga ulionasa kwenye vijino utawaonyesha ni kina gani unyevu unaanza. Pimeni Januari au Februari. Maji mtakayoyakuta Oktoba hayawaambii kitu kuhusu kiangazi.

Karamoja kwetu si jangwa, Afande, hata watu wakiita hivyo. Jangwa hupata chini ya milimita 250 za mvua kwa mwaka, nasi tunapata maradufu ya hiyo na zaidi, ila inakuja kwa kishindo na kukimbilia bondeni. Kwa hiyo kuna cha kukamata. Mnaweza kulizuia bonde dogo, mnaweza kujenga ukuta mfupi wa kushika mchanga kama wanavyofanya Kitui na Machakos nchini Kenya. Ila msipande mathenge, ule mti wa kigeni ulioletwa Turkana na Baringo kuzuia jangwa, ambao sasa umefunga malisho na njia za mifugo. Akija mtu na mbegu zake, mshukuru na umrudishie.

Shimo la mchangani lizungushieni miiba, mifugo inyweshwe kwenye karai pembeni, na maji ya kunywa watu yachemshwe. Mtoto asishuke shimoni. Mchanga mkavu unaporomoka bila kutoa sauti, na shimo linalopita urefu wa kiuno lazima litiwe nguzo au pete za saruji na mtu anayejua. Hapo, na kwa kisima chochote cha pampu, nendeni kwa afisa wa maji wa wilaya kabla ya kutoa pesa. Ana kumbukumbu za visima vilivyochimbwa eneo lenu, vilivyotoa maji na vilivyokauka, na anaweza kutuma mtu wa kupima ardhi. Mpelekeeni ile nondo na mchanga wake. Mtakuwa mmemrahisishia kazi ya siku nzima.